Tramadoli ngapi zinatosha? Mwongozo kamili wa kuandika dawa kali za maumivu baada ya operesheni ya mkono

Haya natamani mtu angenikalisha chini akaniambia nilipokuwa intern. Nilikuwa wodi ya mifupa, akaja kijana wa bodaboda amekatwa panga, kano mbili za vidole zimeachia, tukamshona, operesheni ikaenda vizuri na kesho yake akaruhusiwa. Mimi nikavuta cheti nikaandika kama nilivyozoea kuona wakubwa wangu wakiandika: tramadoli miligramu 100, mara tatu kwa siku, siku 14. Yaani vidonge 84 vya miligramu 50. Hakuna aliyeniuliza chochote, famasi wakahesabu wakatia kwenye bahasha ya kaki, wakaandika 2x3 kwa kalamu, kijana akaenda zake. Miezi miwili baadaye karudi kliniki, vidole vinakunja na kunyooka safi kabisa, kovu limekauka, na alichokuja kuomba ni tramadoli. Bila hizo halali, anatoka jasho, mwili unamuuma wote, tumbo linamsokota, na kumbe zile zetu ziliisha zamani, alikuwa ananunua mtaani. Kidonda nilichomshona kilikuwa kimepona, hili la pili nilimpa mimi kwa kalamu yangu.

Sasa mwezi ule ule, wodi ile ile, alikuwepo baba mmoja mashine ya kukoboa mahindi imemsaga kiganja, akalia usiku kucha na Panadoli na sindano ya diklofenaki, kwa sababu mofini ilikuwa kabatini na aliyekuwa na ufunguo ameshaenda nyumbani. Kwa hiyo jamani msinielewe vibaya, sisemi tuwanyime watu dawa. Kwetu makosa yote mawili yanalala kitanda kimoja, aliyechanwa kidogo anapewa rundo na aliyesagika anaambiwa avumilie. Mwongozo huu ni kwa madokta, AMO (madaktari wasaidizi), klinikal ofisa, wauguzi na watu wa famasi wanaohudumia wagonjwa wa mkono kuanzia vidole mpaka bega, na mgonjwa mwenyewe akiusoma hamna ubaya, atajua cha kuuliza.

Tujifunze kwanza kwa walioumia

Marekani wamelipia somo hili kwa maisha ya watu wengi sana, na madokta wa mkono wa kule ni kati ya waliokaa chini wakahesabu vidonge kimoja kimoja. Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa jimbo la Iowa, wagonjwa 250 waliofanyiwa operesheni za mkono na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengi waliandikiwa vidonge 30, wakatumia kama 10 kwa wastani, na zaidi ya nusu yao waliacha ndani ya siku mbili. Vilivyobaki majumbani, ukivijumlisha vyote, vilikuwa 4,639. Fikiria hilo rundo, kwenye makabati ya jikoni na droo za vitanda, watoto wa nyumba wanapita hapo kila siku. Mwaka 2016 wakaja wa Philadelphia na wagonjwa 1,416, nao wakakuta hadithi ile ile, waliandikiwa wastani wa vidonge 24 wakatumia 8.

Na kuna utafiti mwingine wa huko huko ambao ndo ulinikosesha usingizi: kati ya watu ambao hawakuwa wakitumia opioidi, yaani dawa kali za maumivu za jamii ya mofini, kabla ya operesheni za kawaida za mkono, asilimia 13 walikuwa bado wanachukua cheti cha dawa hizo baada ya siku 90. Siku tisini! Wakati operesheni nyingi za kiganja maumivu makali yanakuwa yameshapungua ndani ya siku tatu au nne.

Wao shida yao ilikuwa oksikodoni na haidrokodoni, opioidi zao za vidonge, sisi kwetu ni tramadoli. Mofini iko chini ya mikataba ya kimataifa ya dawa za kulevya, ina kabati lake, rejista yake na saini zake, ila tramadoli haimo kwenye mikataba hiyo, kwa hiyo watu wakaizoea wakaiona kama Panadoli yenye nguvu kidogo. Ni opioidi jamani. Inashika vipokezi vile vile vya mofini, inaleta utegemezi, na juu yake ina balaa lake la degedege ambalo mofini haina kwa dozi za kawaida.

Hatua ya kwanza: ongea na mgonjwa kabla hajaingia kukatwa

Hapa watu wengi wanaruka, na hapa ndo nusu ya kazi ilipo. Mgonjwa aliyeambiwa mapema kwamba "usiku wa kwanza utauma, wa pili utauma kidogo, wa nne utakuwa unausikia tu ukiugusa" anavumilia vizuri kuliko yule aliyeahidiwa hatosikia kitu, maana huyo wa pili akiusikia tu anajua kuna kilichoharibika na anaanza kudai dawa kwa hofu. Mimi namwambia mtu wazi: lengo letu ni wewe ulale, ule, na uweze kuchezesha vidole. Kutosikia maumivu kabisa siwezi kukuahidi.

Hapo hapo uliza maswali yako, na uyaulize kwa heshima, bila ndugu kusikiliza kama inawezekana. Umewahi kutumia dawa kali za maumivu, ukazipenda au zikakusumbua? Unakunywa pombe, kiasi gani? Unatumia diazepamu au dawa nyingine ya usingizi? Una kifafa? Vidonda vya tumbo, figo, pumu? Unakoroma sana na kukata pumzi usingizini? Unanyonyesha? Umewahi kutumia unga, yaani heroini? Hilo la mwisho usilikwepe, na mtu akikubali usibadilishe uso. Nimeona mgonjwa akificha kwamba yuko kwenye methadoni, ile dawa wanayopewa wanaoacha unga, kwa sababu tu muuguzi aliguna, na usiku wodini dawa zake hazikuendelea, akateseka maradufu.

Hatua ya pili: ganzi ndo dawa yako kali ya kwanza

Mkono una bahati ambayo tumbo na kifua havina, unaweza kuufisha ganzi wote kwa sindano ya kwapani au juu ya mtulinga, mgonjwa akakaa macho anakuangalia. Ukitumia bupivakaini inadumu masaa 8 mpaka 16, wengine zaidi. Kama kituo chako kina mtu wa nusukaputi anayeiweza basi mtumie, na kama hamna, operesheni nyingi za kiganja unazifanya kwa ganzi ya hapo hapo ya lidokaini asilimia moja yenye adrenalini, moja kwa laki moja. Daktari Donald Lalonde wa Kanada ndo amesukuma sana njia hii ya mgonjwa kuwa macho bila tonikei, ule mkanda wa kubana damu, na ile hofu tuliyofundishwa kwamba adrenalini kidoleni inaozesha kidole imeshaonekana haina msingi kwa lidokaini na dozi hizi. Choma, subiri nusu saa damu ipungue, ndo ukate. Usivuke miligramu 7 kwa kilo: mtu wa kilo 60 ni miligramu 420, yaani mililita 42 za asilimia moja, na kwa kiganja hutofika hata huko.

Kama mgonjwa amelazwa usingizi, kabla hujafunga bandeji mchome bupivakaini pembeni ya kidonda. Mwisho wake ni miligramu 2 kwa kilo, kwa hiyo wa kilo 60 ni mililita 24 za asilimia nusu. Inachukua dakika moja na inamnunulia usiku mzima.

Sasa kuna mtego. Ganzi ya kwapani ikiisha haishi polepole, inakatika, na maumivu yanaingia yote kwa mpigo. Ulichoma saa nne asubuhi, basi jua itakatika kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nane usiku, na saa nane usiku mgonjwa yuko nyumbani Mbagala, famasi zimefungwa, alikuwa hajanywa hata Panadoli kwa sababu "nilikuwa sisikii kitu daktari". Simu ya namna hiyo nimeipokea mara nyingi sana. Tiba yake ni rahisi: anaanza vidonge vyake vya kawaida akiwa bado na ganzi, na kidonge kimoja cha tramadoli kama operesheni ilikuwa ya mfupa anakinywa wakati wa kulala siku hiyo ya kwanza, au mapema zaidi vidole vikianza tu kuwasha na kuchomachoma kama vinatambaliwa na siafu. Hiyo dalili ya siafu mwambie aisubiri, ataikumbuka. Na mwambie mkono uliokufa ganzi haujui moto, kwa hiyo akae mbali na jiko.

Hatua ya tatu: msingi, kwa saa, bila kusubiri kuumwa

Parasetamo gramu moja, vidonge viwili vya 500, kila masaa sita. Mimi nawapa saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa sita usiku kama yuko macho. Mwisho vidonge nane kwa siku, na aliye chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au mnywaji mzito mpunguzie. Halafu ibuprofeni 400 mara tatu, baada ya chai, baada ya chakula cha mchana, baada ya cha usiku, siku tano. Au diklofenaki 50 mara tatu, ila isiwe zote mbili. Nani asipewe: mwenye vidonda vya tumbo, figo zinazosumbua, mwenye moyo mbovu, mjamzito hasa miezi mitatu ya mwisho, na mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizi. Wengine wanaogopa kwamba zinazuia mfupa kuunga, kwa siku chache namna hii mimi sioni sababu ya kumnyima mtu.

Angalieni sana Diclopar na Hedex na dawa za mafua, ndani yake kuna parasetamo, na mtu anakunywa zetu asubuhi halafu jirani anampa zake mchana, bila kujua anaongeza kitu kile kile. Na mwezi wa Ramadhani uliza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga lakini wazee wengi wa Pwani hawatakuambia, watafunga kimya kimya na kuzinywa zote wakati wa futari, ibuprofeni inagonga tumbo tupu. Bora upange nae, futari, kabla ya kulala, na daku.

Kwa ule usiku wa kwanza wa kiganja usidharau vitu vya bure. Mkono juu ya usawa wa moyo, mito miwili kifuani au shuka limefungwa kwenye stendi ya dripu. Kile kitambaa cha shingoni akikivaa kutwa, mkono unaning'inia usawa wa kitovu, damu na maji vinashuka vidoleni na maumivu yanakuwa mara mbili. Vidole vilivyo nje ya bandeji avichezeshe kila saa, labda kama umeshona kano na umekataza.

Utafiti mmoja wa Marekani uliwagawa watu wa operesheni ndogo ya kufungua neva iliyobanwa kifundoni, wengine parasetamo, wengine ibuprofeni, wengine oksikodoni, bila wenyewe kujua wanakunywa ipi. Maumivu yakawa sawa tu. Kwa operesheni hiyo cheti changu siku hizi hakina opioidi kabisa.

Hatua ya nne: hesabu kulingana na ulichokikata

Hapa ndo moyo wa mwongozo wote. Usiandike siku, andika idadi. "Siku 14" ni tabia ya mkono wako kwenye karatasi, haihusiani na mfupa wa mgonjwa. Mimi natumia hesabu hizi kwa mtu mzima mwenye msingi wa hatua ya tatu, vidonge vya tramadoli miligramu 50:

Uvimbe mdogo wa kifundoni, kidole kinachonasa, neva iliyobanwa, kushona ngozi: sifuri. Nikiona ana wasiwasi sana au hawezi ibuprofeni, vitano.

Kushona kano, kuweka waya kwenye mifupa ya kiganja: nane mpaka kumi.

Sahani na skrubu kwenye kifundo cha mkono, ambayo kwa bodaboda zetu ndo mkate wa kila siku: kumi mpaka kumi na tano.

Mifupa ya kigasha yote miwili, kisugudi, mfupa wa juu wa mkono: kumi na tano mpaka ishirini.

Mkono uliosagwa, kukatwa kiungo, kuungua vibaya, aliyefungwa vyuma vya nje vile watu wanaita antena: huyo haendi nyumbani leo. Huyo ni wa mofini na wa wodini, na sitaki kusikia habari ya avumilie. Kwenye mshipa miligramu 2 kila dakika tano huku unahesabu pumzi zake mpaka atulie, halafu ya kunywa miligramu 5 mpaka 10 kila masaa manne. Wenzetu Uganda wamefika mbali kwa hili, Hospice Africa Uganda ya Daktari Anne Merriman ilianza 1993, wakawa wanachanganya mofini ya maji wenyewe kutoka unga, rahisi na bei chini, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Mofini ya maji siyo ya saratani peke yake. Nendeni mkaongee na mfamasia wenu mjue ipo wapi na ufunguo analala nao nani.

Tramadoli kidonge kimoja kila masaa sita akihitaji, na hata kwa mtu mwenye nguvu zake isizidi miligramu 400 kwa siku. Zaidi ya miaka 75 mwisho 300, na binafsi naanza na 50 mara mbili tu. Figo zimechoka sana, kila masaa 12, mwisho 200.

Hatua ya tano: cheti chenyewe

Cheti changu kinasomeka hivi: "Tramadoli mg 50, kidonge 1 kila masaa 6 PALE TU maumivu yanapozidi baada ya parasetamo na ibuprofeni. Jumla vidonge 8 (nane). Hakuna kurudia bila kuonwa." Ile nane kwa herufi siyo pambo, nimeshaona 8 ikigeuka 80 njiani kati ya dirisha langu na duka la dawa. Halafu kuna tatizo la bahasha ya kaki. Ina nafasi ya "1x3" tu, haina pa kuandika "ukihitaji", na mgonjwa akisoma 1x3 anatii, anakunywa mara tatu hata kama haumwi mpaka bahasha iishe, maana tumewafundisha miaka yote wamalize dozi kama ya antibayotiki. Ongea na wa famasi, waandike nyuma ya bahasha "KAMA INAUMA SANA TU, UKIPONA ACHA". Mwambie mgonjwa mwenyewe kwa mdomo: hii siyo dozi ya kumaliza, ikibaki umeshinda.

Na kamwe usiandike tramadoli na diazepamu kwenye cheti kimoja "ili alale". Pumzi zinaweza kulala nae.

Hatua ya sita: watu wa kuwaangalia mara mbili

Watoto chini ya miaka 12, hakuna tramadoli wala kodeini, mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka katazo hilo mwaka 2017. Sababu ni kwamba ini la baadhi ya watu linazigeuza dawa hizi haraka mno kuwa kitu chenye nguvu zaidi, na watu wa namna hiyo ni wengi Ethiopia na kaskazini mwa Afrika kuliko kwingi duniani, kwa hiyo hili linatuhusu kabisa ukanda huu. Mtoto mpe parasetamo miligramu 15 kwa kilo kila masaa sita na ibuprofeni 10 kwa kilo mara tatu, na umpige ganzi nzuri. Mama anayenyonyesha vivyo hivyo, maziwa yanabeba, mtoto anasinzia kupita kiasi.

Mwenye kifafa, na anayetumia dawa za sonona au amitriptilini, usimpe tramadoli. Aliye kwenye methadoni, na kliniki hizo zipo tangu ile ya Muhimbili ya 2011, methadoni yake inaendelea kila siku kama kawaida, ile siyo dawa ya maumivu ya operesheni yako, na unamuongezea ganzi, parasetamo, ibuprofeni, na akihitaji opioidi anapewa akiwa wodini mnawasiliana na kliniki yake. Kumnyima kwa sababu alikuwa teja ni ukatili, na ndo njia ya haraka ya kumrudisha kijiweni.

Hatua ya saba: simu ya usiku, maumivu yanayokataa dawa

Soma hapa polepole tafadhali.

Mama mmoja, umri kama wa mama yangu, alikuwa amenyooshwa kifundo na kufungwa plasta ngumu, lile hogo kamili la kuzunguka mkono. Usiku akalalamika, akachomwa sindano ya tramadoli. Saa mbili baadaye kalalamika tena, wakaniita ili niongeze dozi. Nikamkuta kaushika mkono kama kabeba mtoto mchanga, "shikamoo mama", hata kuitika hakuitika, na mama wa rika lile asipoitikia shikamoo ujue hali siyo. Vidole vimevimba vinang'aa kama soseji. Nikamnyoosha kidole cha kati taratibu, sentimita moja tu, akapiga kelele wodi nzima ikaamka. Mapigo kwenye kifundo yalikuwepo, kucha zilikuwa bado pinki. Tukaleta msumeno wa plasta, tukapasua hogo lote, tukakata na pamba ya chini mpaka tukaona ngozi, na ndani ya dakika kumi akapumua, akafumba macho, akasema "marahaba mwanangu".

Angekuwa amepewa dozi niliyoitiwa angelala huku uvimbe ndani ya plasta unaibana misuli isipate damu, na asubuhi misuli ya kigasha ingekuwa imekufa. Kwa hiyo sheria: mgonjwa wa mkono akiomba dawa kali mara ya pili ndani ya masaa machache, hapewi kwa simu. Anaonwa. Unanyoosha vidole, unagusa kama kuna ganzi, unabonyeza misuli kama imekuwa ngumu kama ubao. Usidanganywe na mapigo, hayo yanapotea mwisho kabisa. Pasua plasta na bandeji zote mpaka ngozi, weka mkono usawa wa moyo, usiupandishe juu sasa, na kama haujatulia ndani ya nusu saa ita daktari wa upasuaji afungue misuli, masaa yanahesabika.

Maumivu yanayoanza kupanda siku ya tatu mpaka ya tano badala ya kushuka, na joto, na harufu, hayo ni usaha mpaka uthibitishe vingine, fungua bandeji. Yanayounguza wiki ya tatu, ngozi inang'aa na mkono hautaki kuguswa hata na shuka, hiyo ni neva imechanganyikiwa, inataka mazoezi ya tiba na dawa za neva, na tramadoli hapo inamchelewesha tu.

Na ukimkuta mtu aliyepewa opioidi anapumua chini ya mara nane kwa dakika, mboni zimekuwa ncha ya sindano, haamki ukimtikisa: oksijeni, msaidie kupumua, naloksoni, dawa inayozima opioidi, miligramu 0.4 na rudia kila dakika mbili tatu. Kwa tramadoli naloksoni inasaidia nusu nusu, na degedege likija tibu kama degedege.

Hatua ya nane: kutoa nyuzi, na kuhesabu kilichobaki

Mgonjwa anarudi siku ya 10 mpaka 14. Akitaka opioidi tena, kwanza mkono uangaliwe. Ukikuta sababu, itibu sababu. Ukiona bado mfupa unamuuma kweli, mpe tano za mwisho na tarehe ya kurudi. Aliyezitumia kila siku zaidi ya wiki mbili usimkatie ghafla, mpunguzie robo kila siku chache, wengine robo kila wiki, na umuelewe akitoka jasho na kukosa usingizi. Yule kijana wangu wa bodaboda tulimshusha hivyo kwa wiki sita, kila Jumatano anakuja anachukua za wiki moja tu, na mara mbili aliteleza tukaanza tulipoishia.

Waambie wote waje na bahasha. Zilizobaki zirudi famasi ya hospitali, na anayekaa mbali azichanganye na majivu au udongo wenye maji, afunge kwenye mfuko, atupe mbali na watoto, asimgawie jirani mwenye mgongo. Yule mama wa plasta alikuja siku ya kumi na mbili na kopo la Blue Band, ndani bahasha yetu imekunjwa vizuri. Nikamwaga mezani tukahesabu pamoja, kidole chake kimoja kinasukuma kidonge kimoja kimoja: tulimpa kumi, vimebaki saba. Nikaandika kwenye faili lake "ametumia 3", halafu nikaandika tena kwenye daftari langu la mfukoni, safu ya vifundo, chini ya wale wengine: 6, 4, 9, 0, 5, 3. Cheti cha kifundo kilichofuata mchana ule niliandika vidonge sita.